Mrejesho: yule wa kulala jirani na baa Kabalagala, Kampala

Jamani nimerudi, ni mimi niliyeuliza nitalalaje na kusomea mtihani wakati baa ya jirani inapiga muziki mpaka saa kumi usiku na boda zinapiga honi chini ya dirisha.

Nilianza kucheza kwenye simu ile sauti ya mvua kwenye mabati, ilikuwa tamu kweli ila katikati kuna radi, siku ya kwanza nikashtuka nikakimbia nje kuanua nguo, kumbe simu tu! Nikahamia braun noizi (brown noise), ule mvumo mzito kama maporomoko ya maji, na hiyo Brown ni jina la mtu, Robert Brown, mtaalamu wa mimea wa Scotland, si rangi ya kahawia, mi mwenyewe nilidhani rangi. Haizimi muziki, besi bado naisikia, ila honi haichomozi tena ghafla maana masikio yashazoea kitu kimoja kinachovuma, na hicho cha ghafla ndo kilikuwa kinaniamsha.

Sauti naweka chini, simu mbali na mto. Kusoma inasaidia nikifanya hesabu, nikisoma maelezo marefu nazima.

Feni nayo inafaa, tatizo umeme ukikatika ule ukimya ndo unaniamsha sasa.