Vibao vinavyopotea: nani kawadanganya watengenezaji kwamba huu ni ugumu?

Wakuu, leo natema nyongo. Asiyetaka kelele apite tu.

Hivi vibao vinavyotokea na kupotea kwenye gemu za kuruka, nani karuhusu vitumike ovyo hivi? Mnavijua: kibao kinajitokeza hewani, unakirukia, kufumba na kufumbua hakipo, uko shimoni. Gemu ninayoicheza sasa (siitaji, mashabiki wake wasije wakanivamia) imevirundika mwishoni mwa leveli ya barafu, mlango wa kutokea unauona kabisa ng'ambo ya pili.

Na msiniletee habari za "jifunze kucheza". Mega Man 2 ya 1988 nimeicheza. Leveli ya bosi Heat Man ina vibao vya aina hiihii, mlolongo mrefu unaochosha. Lakini vinafuata mpangilio uleule kila mara, na kila kinapojitokeza kinatoa mlio, kwa hiyo unasimama pembeni, unatazama, unasikiliza, mdundo unakuingia. Ukikosa subira, mpige kwanza Air Man, bosi wa leveli nyingine, upewe chombo kiitwacho Item-2, unakipanda kinakuvusha. Hiyo ni gemu ya kaseti!

Hawa wa leo? Mpangilio unabadilika kila ukifa. Mlio hakuna, muziki tu unapiga kelele. Kibao cha tatu kinatokea nje ya skrini, kamera nayo inajivuta, kwa hiyo unaruka kwa imani. Sasa nikariri nini? Hiyo ni bahati nasibu, tena ya kulazimishwa.

Halafu kuruka kwenyewe. Celeste ya 2018 ni gemu ngumu kwelikweli, lakini mguu ukishatoka ukingoni inakupa kama sehemu ya kumi ya sekunde. Ukibonyeza ndani ya muda huo, bado unaruka. Wengi hata hawajui kama nafasi hiyo ipo, wanahisi tu kwamba kidole kinasikilizwa. Kwenye gemu yangu hii mhusika anadondoka kama gunia na kitufe nimekibonyeza!

Bado sijafika kwenye kilichoniua kabisa. Unavuka kwa jasho, unagusa mlango... umefungwa. Eti unadai vito vyote vya leveli, na vingine viko nyuma ya vibao vilevile. Hakuna alama mlangoni, hakuna hesabu pembeni ya skrini, hakuna chochote. Super Mario Bros. ya 1985 ilishalimaliza suala hili: mlingoti wa bendera ukiushika chini kabisa unapata pointi 100, ukiushika juu kabisa 5000, ila kwa vyovyote leveli umeimaliza. Fundi anaongezewa, asiye fundi hafungiwi nje.

Aliyevuka pale na vito vyote mkononi aniambie vibao vilimtokea kwa mpangilio gani, nilinganishe na vyangu. Atakayeniandikia "utazoea tu" nitajua leveli hiyo hajaifika.