Historia iliyofutwa inarudi kwenye kivinjari: tuanze na njia ipi?

Fundi_Kibodi
Wadau, mtu akisema amefuta historia ya kuvinjari na bado anaiona, hupewa njia tano: kufuta tena kwa "Muda wote", kuzima usawazishaji (sync, yaani kunakili data kati ya vifaa vyako kupitia akaunti), kufuta kwa mkono faili za wasifu (folda ambamo kivinjari kinaweka data zako), kuweka upya mipangilio, au kuondoa programu na kuisakinisha upya. Naomba tuzilinganishe kwa Chrome na Firefox. Ipi inatibu nini, na ipi inahatarisha alamisho na nywila?

Mpembuzi
Mbili za mwisho zitoe kabisa kwenye orodha. Kitufe cha kuweka upya Firefox (Refresh Firefox) kimeundwa kwa makusudi ili kibakishe historia, alamisho, nywila na vidakuzi. Kinachoondoka ni viendelezi na mipangilio iliyobadilishwa. Kuweka upya mipangilio ya Chrome nako hakugusi historia. Na ukiiondoa Chrome kwenye Windows bila kuweka alama kwenye kile kisanduku cha kufuta pia data ya kuvinjari, folda ya wasifu inabaki pale pale. Unasakinisha upya, unaikuta historia inakusubiri. Watu wanapoteza saa nzima hapo.

Chupo_Moja
Kabla ya kulinganisha tiba, mtu ajue kwanza anachokiona ni nini, kwa sababu mara nyingi si historia. Upau wa anwani unachanganya historia, alamisho, vichupo vilivyo wazi na mapendekezo ya injini ya utafutaji. Kwenye Firefox andika `^` kwenye upau, acha nafasi, kisha andika neno: yatakuja matokeo ya historia tu. Ukiweka `*` utapata alamisho tu, na `%` vichupo vilivyo wazi. Kama `^` haileti kitu na `*` inaleta, historia imeshafutika. Kinachojitokeza ni alamisho, na hata ufute historia mara ishirini alamisho haitaondoka. Nenda kwenye mipangilio, sehemu ya upau wa anwani, uondoe alama kwenye alamisho.

Kwenye Chrome shuka kwa mshale hadi kwenye pendekezo, kisha bonyeza Shift+Delete. Likitoweka, lilitoka kwenye kumbukumbu ya kivinjari. Likikataa, tafuta kwenye alamisho au kwenye injini ya utafutaji.

Mpembuzi
Naongeza: maneno yenye alama ya saa unapobofya kisanduku cha utafutaji cha Google mara nyingi hutoka kwenye akaunti, si kwenye kompyuta. Hayo yanafutwa myactivity.google.com, chini ya shughuli za wavuti na programu. Kufuta kwa Ctrl+Shift+Delete (dirisha la kufuta data la kivinjari) peke yake hakuyafikii.

wal_na_shm
Tukishahakikisha ni historia kweli, mimi naweka usawazishaji kwanza, faili baadaye. Ukianza na faili unasafisha sakafu huku bomba linavuja: ukiingia tena kwenye akaunti, historia inashuka upya kutoka kwenye seva.

Tofauti ya vivinjari ni hii. Chrome ikiwa inasawazisha, ukifuta kwenye kifaa kimoja agizo la kufuta linakwenda hadi kwenye akaunti na vifaa vingine. Usawazishaji ukiwa umesitishwa, yaani akaunti inakudai uingie tena, unafuta nakala ya kifaa hicho tu. Kwa hiyo tazama picha ya akaunti juu kulia kabla ya kufuta. Kwa Firefox usitegemee kifaa kimoja kikusafishie vyote. Ondoa historia kwenye orodha ya vinavyosawazishwa kwa kila kifaa, futa kila kimoja, ndipo uirudishe.

Na kipindi! Dirisha la kufuta huja na kipindi kifupi likiwa halijaguswa. Lazima uchague "Muda wote". Kwenye Firefox chagua kila kitu.

Fundi_Kibodi
Usawazishaji umezimwa, kipindi ni sahihi, kivinjari kikifunguliwa upya kurasa zilezile zipo. Hapo tunagusa faili?

wal_na_shm
Hapo ndiyo. Dalili hiyo inaonyesha hifadhidata haiandikiki au imeharibika. Kwa Firefox fungua about:support, shuka hadi sehemu ya hifadhidata ya Places (inayotunza historia na alamisho), bonyeza kitufe cha kuthibitisha uadilifu. Mara nyingi inatosha.

Ikishindikana, kwenye ukurasa huohuo fungua folda ya wasifu, funga Firefox, halafu badilisha jina la places.sqlite liwe places.sqlite.kale. Kama zipo places.sqlite-wal na places.sqlite-shm, zibadilishe majina pia. Usiiachie hifadhidata mpya mabaki ya ile ya zamani. Tahadhari kubwa: alamisho nazo zimo ndani ya places.sqlite. Firefox ikifunguka huzirudisha kutoka folda ya bookmarkbackups, lakini ulichoalamisha baada ya nakala ya mwisho kitapotea. Hamisha alamisho kwenye faili la HTML kwanza.

Chrome ni rahisi zaidi hapa, maana alamisho ziko kwenye faili lake. chrome://version inaonyesha njia ya wasifu. Ondoa History, History-journal, Shortcuts na Top Sites. Usiguse Bookmarks wala Login Data, ambamo nywila zimehifadhiwa.

Chupo_Moja
Na hakikisha Chrome imefungwa kweli. Kwenye Windows huweza kuendelea chinichini baada ya dirisha kufungwa, na faili litakataa kufutika kwa sababu linatumika. Zima ruhusa ya programu za chinichini kwenye mipangilio ya Chrome, sehemu ya mfumo, kisha ufungue Task Manager kwa Ctrl+Shift+Esc umalize michakato iliyobaki. Linux na Mac ni hatari zaidi: faili linafutika bila kelele, huku mchakato ulio hai ukiendelea kushika lile la zamani. Unadhani umemaliza, kumbe bado.

Mpembuzi
Kama ni kompyuta ya kazini au ya chuo, fungua chrome://policy kabla ya yote hayo. Ukikuta AllowDeletingBrowserHistory ni false, msimamizi amezuia kufuta historia, na si hitilafu ya kivinjari. Vilevile kuna mitandao inayonakili wasifu wa mtumiaji kutoka kwenye seva kila anapoingia. Unafuta jioni, asubuhi nakala ya zamani inarudishwa juu yake. Hizo mbili mwone msimamizi, faili utazifuta bure.