Simu ya mkopo ni zawadi ya Krismasi au ni deni lililofungwa utepe?

Hoja: Desemba ikifika Kariakoo hujaa simu za mkopo. Unatoa kianzio, unaondoka na boksi, unalipa kila siku. Kuna wanaomnunulia mzazi hivyo. Ni sawa?

Mpiga Hesabu: Si sawa. Tuseme kianzio 60,000, kisha 1,200 kwa siku mwaka mzima. 1,200 mara 365 ni 438,000. Jumla 498,000, kwa simu ambayo taslimu ni 320,000. Malipo yakikatika simu inajifunga, na kuflashi, yaani kuipakia programu upya, hakusaidii: kufuli limeshikana na IMEI, namba ya utambulisho ya simu, ikishika intaneti linarudi. Anayefungiwa ni mzee wa watu aliyepewa, asiyejua hata kama kuna deni.

Dada wa Duka: Mkuu, hesabu iko sawa, ila unamsemea mwenye 320,000 mkononi. Mama lishe pesa yake huingia kidogo kidogo. Laki tatu kwa mkupuo haioni. Tatizo ni Januari: ada za shule zinafagia kila kitu. Anayetoa zawadi aandikishe mkopo kwa namba yake mwenyewe na alipie siku 45 mbele. Hiyo 54,000 inamvusha hadi Februari.

Fundi: Mimi nasimama na iliyotumika, taslimu, ila ikaguliwe kabla hamjaifunga karatasi. Piga *#06#, IMEI ilingane na ya kwenye boksi, kisha itume kwa SMS kwenda 15090 ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Simu bandia zilizimwa tangu Juni 2016, msirudi huko. Halafu muuzaji aondoe akaunti yake ya Google kwenye mipangilio, ndipo afute kila kitu, mbele yako. Akifuta kwa kubonyeza vitufe tu, simu itadai Gmail ya zamani usiku wa Krismasi, na duka limeshafungwa. Kama ni simu ya OLED, kioo ambacho kila nukta hujiwashia mwanga wake, fungua picha nyeusi tupu na uikinge mwanga kwa viganja: kioo chake halisi huwa giza totoro. Kikibaki kijivujivu, wamebandika LCD, kioo kinachomulikwa na taa kwa nyuma, na chaji itakuwa inakimbia.

Dada wa Duka: Nakubali yote, fundi. Ila simu ikienda Nachingwea na kuanza kusumbua, nani ataishughulikia? Mpya ina waranti.

Fundi: Risiti iandikwe IMEI na idadi ya siku za kubadilishiwa. Muuzaji akikataa kuandika, nenda duka la pili.