Bel Air 57 ya asili, Chevy 55 yenye injini mpya au Mercury 1950 iliyokatwa paa: nichukue ipi?

Mdau_Dallas
Wakuu habari zenu. Nipo Texas, nimeweka akiba muda mrefu kwa ajili ya gari ya miaka ya 50 na sasa nimebakiza tatu, bei zinakaribiana kwa hiyo hela sio kigezo. Ya kwanza Chevrolet Bel Air 1957 ya milango miwili, imerudishwa kama ilivyotoka kiwandani, V8 (silinda nane) ya inchi za ujazo 283 na gia ya Powerglide, otomatiki ya zamani. Ya pili Chevrolet 210 ya 1955 (210 ni toleo la chini ya Bel Air), ukiiona nje ni ya zamani kabisa ila chini ina chasisi mpya ya kampuni ya Art Morrison, injini ya kisasa LS3 ya lita 6.2, breki za diski miguu yote na AC ya kampuni ya Vintage Air. Ya tatu Mercury 1950, paa limekatwa likashushwa, taa zimezamishwa ndani ya bodi, vitasa vya milango vimetolewa, injini bado ni flathead yake, ile ya zamani yenye valvu ndani ya bloku. Nataka ya kutembelea wikendi na mama watoto na watoto wawili, sio ya kufunika turubai. Mnashaurije?

Fundi_Mgosi
Mkuu anza na Bel Air, kabla kromu haijakuteka nenda nguzo ya mlango wa dereva ukasome kile kibati cha namba. Ikianza VC57 basi ilizaliwa Bel Air yenye V8. Ikianza C57 bila V ilizaliwa na silinda sita ikabadilishwa baadae, na ikianza B57 hiyo ni 210 iliyovalishwa urembo wa Bel Air. Zote zinaweza kuwa gari nzuri, ila usilipie Bel Air V8 halafu upewe kitu kingine.

BiMkubwa_Columbus
Mdogo wangu umesema watoto wawili, basi mimi nazungumzia breki na mikanda. Bel Air ya asili ina breki za dram, sio diski, mbele na nyuma, na silinda kuu ya breki ina njia moja tu, yani mafuta yakivuja mguu mmoja umepoteza breki zote. Mhimili wa usukani ni chuma kisichokunjika, ukigonga kwa mbele unakuja kifuani. Waipa za kawaida zilikuwa zinaendeshwa na mvuto wa hewa wa injini (vacuum), ukikanyaga mafuta kupanda mlima na mvua inanyesha zinakuwa nzito. Hata Mercury ni hayo hayo na umeme wake ni volti 6. Kwa familia mimi ni 210 bila kujadili.

Mzee_Kromu
Shikamoo dada, nakubali kuhusu breki lakini tusimtishe kijana. Hayo ya Bel Air yanarekebishika bila kukata chuma hata kipande kimoja, diski za mbele zinafungwa kwa bolti, silinda kuu ya njia mbili inafungwa kwa bolti, mikanda inafungwa, na vile vya zamani unaviweka kwenye boksi stoo siku ukitaka unarudisha. Kwangu hiyo ndio tofauti kubwa kati ya hizi gari, kipi kinarudi na kipi hakirudi. Ile 210 imeshahama chasisi yake. Bel Air 57 iliyokamilika bado ina kila kitu, ile mikia ya nyuma, kifuniko cha tenki kilichofichwa ndani ya mkia wa kushoto, ukifungua pale sheli watu wanakuja wenyewe kukusalimia. Nguvu ni kama farasi 185 kwa kabureta ya kawaida na gia zenyewe mbili, inatosha kabisa kutembea.

Binti_Mvita
Mbona Mercury hamuitetei jamani!! Kukata paa na kuzamisha taa sio uharibifu, ni kazi ya mikono yenye historia yake California. Ile Mercury 1951 ya Bob Hirohata waliyoijenga Sam na George Barris 1952 imeingizwa kwenye rejista ya kitaifa ya magari ya kihistoria kule Marekani, na 2022 ilinadiwa Florida kwa zaidi ya dola milioni 2. Hakuna anayelilia bodi yake ya kiwandani. Ila Mdau uwe makini, wajenzi wa zamani walijaza bodi kwa madini ya risasi na wa sasa wengi wanajaza puti ya plastiki, na sumaku haishiki risasi wala puti kwa hiyo itakuonyesha pamejazwa ila haitakuambia kwa kipi, omba picha za kazi ilivyofanyika. Na flathead inachemka, moshi wa moto unapita ndani ya bloku karibu na maji, sasa na Agosti ya Texas mmh radieta iwe nzuri kweli.

Nakuru_ATL
Nauliza tu, mtu akitaka kuishipu nyumbani baadae?

Fundi_Mgosi
Kenya sahau ndugu, usukani wa kushoto na kanuni ya gari lisizidi miaka 8 vyote vinakukataa. Hizi waache Marekani kwao, spea zipo huko, hata bodi nzima mpya ya Chevy 55 mpaka 57 inatengenezwa.

Mdau_Dallas
Nimerudi. Bel Air inasoma VC57. Mercury mwenyewe hana picha hata moja ya kazi, nimeiacha japo roho inauma maana ni nzuri balaa. 210 nimeendesha, inakwenda kama gari ya juzi, AC inagandisha, farasi 430 zipo kweli. Mama watoto kaipenda Bel Air, watoto wanataka 210. Fundi kuna kitu sijauliza?

Fundi_Mgosi
Kipo. Gari iliyobadilishwa haina kitabu cha kiwandani, kitabu chake ni kumbukumbu za aliyeijenga. Mwambie akupe mchoro wa waya, orodha ya spea na namba zake, pampu ya mafuta ya gari gani, kompyuta ya injini ameisetisha nani. Akikupa faili lililojaa chukua 210, utaishi nayo vizuri. Akianza kusema yote yapo kichwani, chukua Bel Air ufanye kama alivyosema Mzee Kromu, na breki uzimalize kabla watoto hawajapanda.

Mdau_Dallas
Nampigia sasa hivi.