Tupeane uzoefu: ulijuaje kwamba kazi hii ndiyo yako?

FundiBaridi (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni.

Vijana wanauliza kila siku wafanye kazi gani, na jibu ni lile lile: fanya unachokipenda. Mimi uhasibu niliupenda kweli. Nilisoma EGM (Uchumi, Jiografia na Hisabati), nikamaliza shahada, 2016 nikapata ajira kwenye kampuni moja hapa Dar. Suti, kiyoyozi, kadi ya kufungulia mlango. Baada ya miaka mitatu, ikifika Jumapili jioni tumbo linaanza kunikata kabla hata ya taarifa ya habari. Na mshahara wenyewe Bodi ya Mikopo inachukua asilimia 15 yake kwanza.

Februari moja kiyoyozi cha ofisi kikafa, na Februari ya Dar mnaijua. Akaja mzee mmoja na begi la turubai. Nikaacha vocha za malipo mezani, nikamfuata juu ya paa. Feni ya mashine ya nje inazunguka, kompresa inanguruma tu, haishiki. Mzee akazima umeme, akaondoa chaji kwenye kapasita, kile kifaa kinachoisukuma kompresa ianze, akaipima. Ubavuni imeandikwa 35, mita inasoma 11. Akafunga mpya, ikawaka. Nilimuuliza maswali mpaka akacheka: "We kijana, njoo Jumamosi."

Nilienda Jumamosi hiyo na nyingine nyingi, nabeba ngazi bila malipo, mshahara wa ofisini bado unaingia. Baadaye ndipo nikasoma kozi fupi chuo cha ufundi, VETA, na barua ya kuacha kazi ikaja mwisho kabisa.

Kazi hii ina uchafu wake: jua la paa, matope ya vumbi unapoosha mashine, na mteja wa "fundi, hela pitia kesho". Hayo nayabeba. Usiku wa kufunga hesabu za mwezi sikuweza kuubeba.

Kwa hiyo sitaki stori za ndoto. Tuambie umepita wapi, na ni kero ipi ulijikuta unaiweza. Nawasilisha.

KitiChaMbele

Nimeshakaa na karanga zangu. Shusheni.

MwalimuKitunguu

Nilifundisha Historia na Uraia shule binafsi. Mshahara ukitoka tarehe yake, walimu tunaulizana kuna nini.

2018 nikasikia kitunguu cha Ruaha Mbuyuni kinalipa, nikakodi ekari mbili. Wakuu, hesabu ya kilimo kwenye kalkuleta ya simu ni tamu sana. Haina ukungu wa majani, haina pampu inayogoma saa nane usiku siku ya zamu yako ya maji. Nikavuna wakati bonde zima linavuna. Mnunuzi akaja na bei yake na lumbesa yake, gunia limeshonewa kilemba juu mpaka haliwezi kusimama lenyewe. Nilirudi kwa mke wangu na deni.

Lakini msimu ule wakulima wenzangu walikuwa wanakuja kwangu niwapigie simu Dar na Morogoro kuuliza bei. Wao wanaona haya kumpigia mtu wasiyemjua, mimi sina hiyo haya. Halafu naandika kila kitu kwenye daftari, ugonjwa wa maandalio ya somo haujaniisha. Leo sina hata tuta moja. Nanunua shambani, napakia, nauza mjini. Kero yangu ni kulala juu ya mzigo na simu za saa tisa usiku. Mimi naziweza, mke wangu ndiye asiyeziweza.

KaraniWaBandari

Mada nzuri, ila mtu asidhani kila anayeacha ajira anafika. Mimi nilirudi.

Niko klaringi na fowadingi, kutoa mizigo ya watu bandarini, Kurasini. Nilichoka kukimbizana na nyaraka, nikachukua bajaji kwa mkataba, nikasema sasa mimi ni bosi wangu. Bosi gani? Hesabu ya mwenye chombo kila siku, mvua inyeshe isinyeshe. Jioni nikiivunjavunja ile noti ya mwisho, roho inanidunda kuliko nilipokuwa nagombana na mfumo wa forodha. Miezi minane tu nikaomba kurudishwa mezani.

Mimi ni mtu wa kujua tarehe 28 kuna nini. Nilikuwa najionea aibu kwa hilo, sasa sioni tena. Kugombea kontena lisianze kulipiwa gharama za kukaa bandarini naweza kila siku.

FundiBaridi

Karani umenena. Hii nayo ni stori ya kupata kazi, tusiicheke.

HinaKisauni

Nami nitie neno kutoka Mombasa. Nilikuwa mapokezi kwa hoteli moja ya ufuoni. Mvua za Aprili zikianza wageni huisha, na sisi wa mkataba mfupi huambiwa tutapigiwa simu.

Hina nilifunzwa na nyanya yangu barazani, nikiwapaka mashoga zangu bure. Sikuihesabu kuwa ni kazi. Siku moja nilikaa na bi harusi tangu baada ya adhuhuri mpaka usiku, mikono hadi viwikoni, miguu hadi karibu na magoti. Mgongo ukanikata, shingo ikawa gogo, na nilipofika nyumbani nikachukua karatasi nichore ua lililonishinda pale kwenye kifundo. Hapo ndipo nilipojishtukia. Hotelini sikuwahi kurudi nyumbani na kitabu cha wageni.

Msimu nao una mambo yake. Ramadhani harusi hakuna, kwa hivyo mapato ya Rajabu na Shaabani sharti niyaweke akiba. Na ile piko ya rangi ya nywele siipaki, hata mteja akasirike. Nimeona mkono wa bi harusi umefura malengelenge siku ya kupamba.

MkonoWaChuma

Mimi nachomelea mageti mwaka wa tisa, sina cheti hata kimoja. Tenda za maana zote wanataka karatasi. Nirudi darasani na watoto wangu?

FundiBaridi

Mkuu, si lazima. VETA wana mpango wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Wanakupima kwenye kazi unayoijua, ukifaulu unapata cheti. Nenda chuo cha karibu nawe ukaulizie lini wanapima.

NimemalizaSita

Shikamooni. Nimesoma PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati), matokeo ya kawaida tu. Umeme na mashine navipenda, ila baba anasema VETA ni ya waliofeli.

FundiBaridi

Marahaba. Na baba usigombane naye. Sijui kama unavipenda, nawe hujui bado, maana hujawahi kuosha mashine ya baa iliyokaa miaka miwili bila kuguswa. Nina moja Sinza Jumamosi hii. Njoo inboksi nikuelekeze. Vaa viatu vilivyofunika vidole, na nguo ambayo mama yako hataililia.

KitiChaMbele

Karanga zimeisha. Mleta mada, na mimi naweza kuja Jumamosi?