Naomba ushauri: maziwa yanamsumbua kijana wangu, na zege (chipsi mayai) haliachi

Wadau, wakubwa shikamooni, wengine habari za jioni.

Niko Tanga, Ngamiani. Kijana wangu ana miaka 15, yuko kidato cha pili. Tangu Ramadhani, kila akinywa chai ya maziwa tumbo linajaa gesi, linanguruma, na baada ya saa moja au mbili yuko chooni. Tukadhani minyoo, akameza dawa, wapi! Daktari akasema mwili wake hautengenezi kimeng'enya cha kutosha cha kusaga laktosi, yaani ile sukari ya maziwa, tuyaache wiki mbili tuone. Tumeyaacha, tumbo limetulia. Cha ajabu mtindi kidogo anauvumilia. Nimeambiwa bakteria wanaougandisha huwa wameshakula sehemu ya sukari hiyo.

Kasheshe ni huku: siku hizi asubuhi anatoka bila kitu, ikifika saa nne anashindilia zege na soda. Nikimfungia mihogo au viazi vitamu anasema wenzake watamcheka. (Sisi tumekulia mihogo hiyohiyo ya nazi, lakini ukimwambia hivyo ndiyo umeharibu kabisa.) Baba yake anataka tumkatie hela ya shule. Mimi naona ataanza kukopa tu.

Wenye vijana wa rika hili mliwezaje? Kuna kitu cha kubeba shuleni ambacho hakitamtia aibu? Na kalsiamu aipate wapi zaidi ya dagaa, maana hao anawala kwa ubishi, vichwa vyote anaviacha pembeni ya sahani.