Tathmini ya mahitaji ya wanafunzi chuoni: tuanzie wapi?

Mlezi_Kampasi: Wakuu, chuo chetu kishiriki kina wanafunzi 1,200. Hosteli inachukua theluthi tu, wengine wamepanga mtaani. Uongozi unataka mpango wa huduma za wanafunzi kabla ya bajeti. Dodoso tulilorusha kwenye magrupu ya WhatsApp limejibiwa na wachache, tena wametiki "ndiyo" kila mahali. Tufanyeje?

Takwimu77: Anza na mafaili. Msajili ana walioahirisha na waliodisko (walioondolewa masomoni kwa kufeli), mhasibu ana wanaodaiwa ada, ofisi ya mitihani ina sapu (mitihani ya marudio) za kila somo. Unganisha kwa namba ya usajili, maana majina kila ofisi inaandika kivyake. Faili hilo likae kwa mtu mmoja. Sheria ya Tanzania ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inawahusu. Sapu zikirundikana kwenye masomo mawili ya mwaka wa kwanza, mnasihi wa kuajiri hatasaidia kitu. Hapo panahitajika vipindi vya ziada.

Sampuli, yaani idadi ya wanafunzi wa kuhojiwa, kwa fomula ya Yamane, kosa la 5% (0.05 × 0.05 = 0.0025): 1,200 ÷ (1 + 1,200 × 0.0025) = 300. Gawa kwa mwaka na kozi, kisha piga bahati nasibu kwenye orodha ya usajili. Ukigawa karatasi darasani unawakosa watoro, na hao ndio wenye shida hasa. Wapigieni simu waje wajaze.

Mnasihi_Pwani: Sampuli sawa, ila kilichowaponza ni maswali. "Je, unahitaji ushauri nasaha?" Nani akatae cha bure? Uliza kilichotokea: "Katika siku 7 zilizopita, ni siku ngapi ulikosa mlo kwa kukosa hela?" Na wiki ambayo boom (hela ya kujikimu ya mkopo wa wanafunzi) limeingia hakuna mwenye njaa, kwa hiyo swali hilo liulizwe mara mbili, likiingia na likikata. Dodoso liwe la Kiswahili, hata kama mnafundisha kwa Kiingereza.

Ulemavu msiuulize kwa jina lake, wengi watakana. Tumieni maswali sita ya Washington Group, kundi la kimataifa la takwimu za ulemavu: kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia, kuwasiliana. Majibu ni manne, toka "hakuna shida" hadi "siwezi kabisa". Mwenye "shida kubwa" au "siwezi kabisa" hata kwenye moja, mhesabu.

Mlezi_Kampasi: Namba ya usajili iwepo kwenye dodoso?

Mnasihi_Pwani: Hapana! Njaa na rushwa ya ngono hazijibiwi kwa ukweli zikiwa na namba. Ambatanisha kikaratasi cha pembeni, "nataka kuonana na mnasihi", chenye nafasi ya namba ya simu, kitumbukizwe kwenye sanduku lake peke yake. Ila kama hamna mtu wa kuwapigia ndani ya siku mbili, msikigawe.